Umeme Mtupu, au Umeme na Petroli?



Wengi wenu mmeuliza juu ya motokaa za umeme zilizokwisha tumika, zile ziagizwazo kutoka Japani. Fedha za karafuu zikishatoka mkononi hazirudi mpaka mikarafuu izae tena, nayo haizai vyema kila mwaka. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili mtu hajatuma hata shilingi moja.

Gari hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya umeme mtupu, kama Nissan Leaf iliyoanza kuuzwa mwaka 2010. Haina injini, wala tangi, wala bomba la moshi. Ina betri kubwa na mota, basi. Ya pili ni haibridi ya kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander PHEV iliyotoka mwaka 2013. Hii ina betri ndogo ya kuchomekwa nyumbani, na juu yake injini ya petroli. Wauzaji husema ina mazuri ya zote mbili. Ni kweli, lakini pia ina matunzo ya zote mbili. Oili ni lazima ibadilishwe, na filta, na plagi za injini, na betri nayo yataka kuangaliwa. Mwenye umeme mtupu hubaki na matairi, springi na breki, na breki zenyewe hudumu kwa kuwa mota husaidia kuizuia gari.

Tupime mwendo. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, yaani uniti zile zile tununuazo za mita. Zilipimwa Marekani zikiwa mpya, zikaonekana huenda kilomita 117 hivi. Zile za uniti 40, zilizoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2017, huenda kilomita 243. Outlander ya uniti 12 ilipimwa huko huko, ikapata kilomita 35 kwa umeme. Zaidi ya hapo ni petroli. Kisiwa chetu cha Pemba hakifiki kilomita 70 kwa urefu. Mtu wa Wete aendaye Chake Chake na kurudi jioni hana haja ya kuogopa kuishiwa njiani, ikiwa betri ni nzima.

Na hapo kwenye betri ndipo penye jambo. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, na joto huila. Mwaka 2012 watu wa jimbo la Arizona, penye joto kali, walilalamika kuwa betri zao zimepungua nguvu mapema mno. Mwenye kununua shamba haridhiki na majani mabichi, bali huuliza mikarafuu ina umri gani. Basi fanya vivyo hivyo. Kwenye kioo cha Leaf vimo vistari vya afya ya betri, na kamili ni 12. Lakini vistari hivyo vyaweza kurudishwa kwa hila, kwa hiyo mtake muuzaji akuletee kipimo cha betri kilichosomwa kwa chombo chake. Betri ya haibridi nayo huchakaa, tena hujazwa na kumalizwa mara nyingi zaidi kwa udogo wake, ila umeme wake ukiisha njiani gari yaendelea kwa petroli. Hii ni sifa kubwa, tusiifiche.

Lakini haibridi isiyochomekwa ni hasara. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitangaza kuwa gari za namna hii zilizoandikishwa mwaka 2021 zilitumia mafuta, zikiwa barabarani, kama mara tatu na nusu ya kipimo cha karatasini. Sisi tuzijuazo karafuu mbichi na kavu hatushangai: kilo 3 mbichi hurudi kilo 1 jamvini. Wenye gari hizo wengi hawakuzichomeka vya kutosha, wakawa wanabeba betri nzito kwa petroli.

Hesabu ya gharama kila mtu aifanye kwa bei za siku ile. Kilomita 100 kwa Leaf ni uniti 20 hivi. Kwa gari ya petroli ya kawaida, lita 8.

Sasa nyumbani. Umeme wa bara umetufikia mwaka 2010 kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga. Tukumbuke yaliyowapata wenzetu wa Unguja, waliokaa gizani tangu Disemba 2009 hata Machi 2010. Tena umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Waya wa kuchajia uletwao na gari uonyeshwe fundi kabla ya kuchomekwa. Kwa soketi ya ampea 10, betri ya uniti 24 hujaa kwa saa 11 hivi, na ya uniti 40 kwa zaidi ya saa 17. Mwambie fundi akutolee laini ya peke yake, yenye waya wa ardhini. Nyaya kuukuu hazistahimili mzigo huo usiku kucha.

Kwa maoni yangu, mwenye mita yake na safari za kila siku za mjini achukue umeme mtupu wa uniti 40. Mwenye njia ya matope mpaka kambini, na umeme wa kukatika, Outlander itamfaa, maana iko juu kidogo na husukuma magurudumu yote manne. Ila aichomeke kila usiku. Asiyeweza hilo anunue ya petroli tu.

Mwanachama aliyekwisha pata bei ya gari alete karatasi zake ofisini, tuzisome pamoja kabla hajapeleka fedha.

Katibu