Kitenzi cha Kiingereza "oust" na Suala la Visawe vyake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua maana na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza "oust". Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kukifasiri hautokani na uhaba wa msamiati wa Kiswahili, bali na wingi wa taarifa zinazobebwa na vitenzi vya Kiswahili.

2.0 Asili na Maana

Kitenzi hiki kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha Wanormani, lugha iliyotumika katika mahakama za Uingereza ya zama za kati. Asili yake ya mbali ni Kilatini "obstare", yaani kusimama mbele ya kitu ili kukizuia. Hapo awali kilihusu sheria ya ardhi: kumtoa mtu katika milki yake. Baadaye maana ilipanuka ikahusu cheo na madaraka. Sifa zake bainifu ni mbili: mtendwa ana nafasi anayoishikilia, na anaitolewa bila ya ridhaa yake. Namna ya kutolewa haitajwi.

3.0 Visawe

Kiingereza chaweza kutumia kitenzi hicho kimoja kwa Milton Obote (1971), Margaret Thatcher (1990) na Kenneth Kaunda (1991). Kiswahili hutenganisha. Obote alipinduliwa na jeshi; Thatcher alishinikizwa na wenzake chamani hata akajiuzulu; Kaunda alishindwa katika uchaguzi. Mfasiri anayeandika kuwa Kaunda "alipinduliwa" anageuza kura kuwa bunduki. Anayeandika kuwa Obote "aliondoka madarakani" anaificha bunduki hiyo.

Kitenzi -ng'oa, chenye taswira ya jino au kisiki, huweza kuwahusu wote watatu, lakini kina hisia kali na hufaa zaidi jukwaa la kampeni. Kitenzi -uzulu, chenye asili ya Kiarabu, kina maana ya kumwondoa mtu katika cheo. Hata hivyo, hudokeza mamlaka ya juu yenye haki ya kuondoa, na siku hizi husikika zaidi katika umbo la kujirejea, -jiuzulu, ambalo humfanya mtendwa kuwa mtenda.

Kisawe kilicho karibu zaidi ni -ondolewa madarakani. Hapa sarufi ndiyo hufanya kazi: kauli ya kutendwa huonyesha shurutisho, nayo namna huachwa wazi.

4.0 Matumizi ya Kisheria

Katika sheria, kinachoondolewa chaweza kuwa mamlaka ya mahakama. Mfano ni ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, inayozuia mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyetangazwa na Tume ya Uchaguzi. Hapa -pindua na -fukuza havifai, -ondoa hubaki.

5.0 Hitimisho

Basi, mfasiri hana budi kwanza kujua tukio, ndipo achague kitenzi. Asipolijua, -ondolewa ndicho salama, kwani kitenzi mahususi zaidi kitakuwa kimekwisha kutoa hukumu juu ya uhalali wa tendo.