Mchanga Gani Wafaa Bahari ya Chumbani?

Huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao samaki wa bahari pamoja na matumbawe hai nyumbani, katika tangi la vioo lenye maji ya chumvi. Chini hutandaza mchanga. Je, mchanga wowote tu? La!

Ufaao ni ule wa matumbawe na makombe yaliyosagika, maana ni wa chokaa. Udondoshee siki: ukitoa povu, ndio wenyewe.

Tazameni na ukubwa wa chembe. Mchanga laini kama unga hutimka ukayafunika matumbawe, yakafa. Changarawe nayo huficha makombo ya chakula, yakaoza. Chembe za milimeta 1 au 2 zafaa.

Na kina? Sentimeta 3 husafishika upesi. Ukizidi 10, hewa haifiki chini. Huko vijidudu hugeuza naitreti, itokanayo na mavi na makombo, kuwa gesi isiyodhuru. Profesa Jean Jaubert wa Nice, Ufaransa, aliitumia kazi hiyo ya vijidudu. Lakini mchanga mnene hivyo usichimbuliwe kamwe: sumu iliyofungwa chini yaweza kuua samaki wote.

Basi, mfugaji na achague kabla ya kutia maji.