Kwa Nini Chale Haifutiki

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, si ajabu kumwona mtu mwenye chale kifuani au mgongoni. Mganga huchanja kwa wembe, kisha husugua dawa iliyochomwa na kusagwa. Jeraha hupona, lakini alama nyeusi hubaki maishani. Je, ngozi ijibadilishayo daima huihifadhije alama hiyo?

Ngozi ina matabaka mawili makubwa. La juu hujifanya upya kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Masizi yaliyoishia hapo hubanduka pamoja na seli zilizokufa. Wembe ukifika tabaka la ndani, masizi humezwa na seli walinzi, zenye kazi ya kula vitu vigeni, lakini haziwezi kuyayeyusha. Mwaka 2018 wanasayansi wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba seli hiyo ikifa huachia rangi, na nyingine huimeza palepale. Ndivyo idumuvyo pia michoro ya mwilini ifanywayo kwa sindano na wino.

Walakini, mlango upitishao masizi hupitisha pia vijidudu. Hatari hiyo ilipata uzito mpya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipotambuliwa Kagera. Wembe wenye damu ya mtu mmoja waweza kumwambukiza mwingine virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Ulio mchafu waweza kuleta pepopunda. Kwa hiyo kila achanjwaye hana budi kutumiwa wembe mpya, wake peke yake.