Gallaudet na Suala la Nani Akiongoze

Chuo Kikuu cha Gallaudet kiko Washington, Marekani. Wanafunzi wake wengi ni viziwi, na lugha ya alama ndiyo lugha ya kila siku darasani na bwenini. Kilipata idhini ya kutoa shahada mwaka 1864, lakini kwa miaka 124 hakikuwahi kuongozwa na kiziwi.

Machi 1988 bodi ya chuo ilimteua kuwa rais Elisabeth Zinser, anayesikia na ambaye hakujua lugha ya alama, ikiwaacha viziwi wawili waliofika hatua ya mwisho. Wanafunzi wakafunga malango. Walidai rais kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe wengi ndani ya bodi, na asiadhibiwe mtu. Ndani ya wiki moja walipata yote, jambo ambalo migomo ya vyuo hulipata kwa nadra. I. King Jordan, aliyepoteza usikivu katika ajali ya pikipiki akiwa na miaka 21, akawa rais.

Uziwi peke yake haukutosha, hata hivyo: mwaka 2006 maandamano yalisababisha kufutwa kwa uteuzi wa Jane Fernandes kuwa rais, ingawa naye ni kiziwi. Roberta Cordano, mwanamke kiziwi, alishika wadhifa huo mwaka 2016.