Kabla ya Kununua Hisa

Hisa ni sehemu ya kampuni. Ukinunua hisa, nawe umekuwa mmoja wa wenye kampuni hiyo. Ikipata faida, waweza kupewa gawio. Ikianguka, fedha yako nayo imeanguka.

Wengi huuliza bei tu. Mwaka 2008 hisa moja ya benki ya NMB iliuzwa shilingi 600. Mwaka 2009 hisa ya CRDB iliuzwa shilingi 150. Je, ya CRDB ndiyo rahisi? Bei peke yake haikuambii. Muhogo ukikatwa vipande vingi, kila kipande huwa kidogo.

Uliza faida. Tuseme hisa moja ni shilingi 1,000, na faida yake kwa mwaka ni 100. Nyingine ni shilingi 200, faida yake 10. Ya kwanza itafikisha bei yake kwa miaka 10, ya pili kwa miaka 20. Basi hiyo ya 200 ndiyo ghali!

Tena pima hatari. Hapa kwetu Nachingwea Waingereza walianza mradi wa karanga baada ya mwaka 1947. Walileta matrekta, wakajenga na reli. Lakini udongo na mvua hawakuvipima vizuri. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, umekwisha kumeza kama pauni milioni 36. Na wataalamu walikuwa nao!

Fedha ya chakula na ya salfa ya mikorosho usiiguse. Inayobaki, usiitie yote katika kampuni moja. Na dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam akikupa fomu, mwombe kwanza akusomee hesabu za kampuni za miaka mitatu.