Maziwa ya Ngamia Ndani ya Kompyuta? Soma Hii Kabla Uchome Mashine Yako

Jua la Balambala halinaga huruma. Mwezi wa Machi huku Garissa joto hupita digrii 35, na kompyuta yako ya kugemu inanguruma kama kinu cha posho. Umejijengea mfumo wa kuipoza kwa maji, sasa unawaza: mbona usijaze kitu tofauti?

Tulia kwanza, msee. Pampu inasukuma maji, maji yanabeba joto la prosesa, halafu rejeta na feni zinalitupa nje. Rejeta inategemea hewa ya chumba. Kama chumba ni digrii 36, hakuna kitu utamwaga humo kishuke chini ya hapo.

Cheki vile kila moja itakufanyia:

Maziwa ya ngamia: Zaidi ya asilimia 85 ni maji, so joto yanabeba poa. Shida ni kuchacha. Siku chache tu uko na susa ndani ya mipira, na mafuta yake yameziba vile vijitundu vyembamba vya shaba juu ya prosesa.

Soda: Asidi inakula chuma, sukari inanata kwa pampu.

Mafuta ya kupika: Hayapitishi umeme, lakini kilo kwa kilo yanabeba karibu nusu tu ya joto ambalo maji hubeba. Tena ni mazito, pampu itateseka.

Maji ya Tana ama ya kisima: Matope na chumvi. Cheki sufuria ya chai ilivyo na ukoko mweupe, hivyo ndivyo mashine itakuwa ndani.

Kulanti ya gari: Hapa ndipo noma iko. Nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoua figo. Ukiimwaga nje ya boma, mbuzi atalamba. Mtoto pia.

So ujaze nini? Maji ya betri, yale yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa. Usichanganye na asidi ya betri, soma chupa vizuri. Ongeza dawa ya kuzuia mwani, na usiunganishe shaba na aluminiamu kwa mfumo mmoja, moja italiwa.

Kabla uwashe kompyuta, endesha pampu peke yake masaa 24, tishu ikiwa chini ya kila kiungo. Tishu ikilowa, kaza kiungo hicho na uanze tena.

Maziwa wachia chai.