Kitanda cha Safari na Kodi ya Mshahara

Mtu atokaye Kitale alfajiri, akashika njia ya Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, kisha akaelekea Bungoma kukagua mashamba ya wakulima walioandikiana mkataba wa mbegu na mwajiri wake, akachwewa huko na kazi haijesha, hana budi kulala. Na kitanda atakacholalia, ijapokuwa mwili ni wake, ni cha kazi ya mwajiri, sawasawa na mafuta ya gari lililomchukua. Hiyo ndiyo asili ya jambo hili, wala Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, haiikanushi. Kinachowatatiza watu ni kuwa fedha ya kitanda hicho hupita njia mbalimbali, na kila njia ina hukumu yake.

Mwajiri akiilipa hoteli mwenyewe, ankara ikaandikwa jina lake, mfanyakazi hakupokea ujira wowote wa kutozwa. Kadhalika akilipa mfanyakazi kwa fedha zake, kisha akarejeshewa kiasi kile kile kwa stakabadhi, basi Kamishna akiridhika kwamba ni gharama tupu ya kazi, haihesabiwi katika mapato yake.

Njia ya tatu, nayo ndiyo wanayoipita wengi, ni posho: mfanyakazi hukabidhiwa fedha taslimu, alale apendapo na ale apatacho. Hapa sheria iliweka mpaka, kwamba katika kila siku aliyo nje ya kituo chake cha kawaida, shilingi 2,000 za kwanza zihesabiwe kuwa gharama iliyorejeshwa, na zilizozidi zitozwe kodi ya PAYE pamoja na mshahara. Aliyepewa shilingi 6,000 kwa siku, akakaa Bungoma siku 4, alipata 24,000, zikasalimika 8,000 tu; na ikiwa mshahara wake umo katika daraja la asilimia 30, zile 16,000 zilizobaki zilimtoa shilingi 4,800, hali fedha yenyewe ilikwisha kwa mwenye lojing na mwenye kibanda cha chakula. Mkubwa wake, aliyelipiwa hoteli na kampuni kwa bei iliyo ghali zaidi, hakukatwa hata senti. Nasema kwa dhati kwamba hiyo ilikuwa dhuluma, na walioibeba ni makarani na madereva.

Sheria ya Fedha ya 2025 iliupandisha mpaka huo hadi shilingi 10,000 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, na yule wa 6,000 sasa hakatwi kitu. Ajabu ni kwamba baada ya tarehe hiyo alinijia kijana mmoja, viatu vyake vingali na udongo mwekundu wa shambani, akanitandikia mezani hati ya mshahara ambayo mwajiri wake alikuwa bado akihesabu kwa zile 2,000. Tuliandika barua, na makato yakarekebishwa.

Yasidhaniwe, hata hivyo, kuwa kila usiku wa hotelini ni usiku wa kazi. Kazi ikiisha Ijumaa, naye akabaki mpaka Jumapili kwa gharama ya mwajiri ili apumzike na jamaa zake, siku hizo mbili ni faida yake mwenyewe. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, faida isiyo ya fedha taslimu husamehewa ikiwa jumla yake haipiti shilingi 5,000 kwa mwezi. Tena, aliyehamishiwa Bungoma kwa muda mrefu, akawekwa hotelini mwezi hata mwezi, kituo chake cha kawaida kimekwisha kuwa Bungoma, na chumba kile aghalabu kitahesabiwa kuwa nyumba aliyopewa na mwajiri, ambayo thamani yake hutozwa kodi.

Kwa upande wa mwajiri, tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kodi ya kielektroniki, yaani ya eTIMS, hairuhusiwi kutolewa katika faida yake, ila kwa zile chache zilizosamehewa. Kwa hiyo msafiri anapofika mapokezi pale Kanduyi, na aitaje PIN ya kampuni kabla karani hajaichapa ankara, kisha atazame jina lililoandikwa juu yake, kwani kuirekebisha baadaye ni safari nyingine ya kutoka Kitale.